Nilikwepa 60,000 ya fundi bomba, sasa inanitoka 281,000. Wakuu, mpaka wa kujifanyia mwenyewe uko wapi?

#1 Kisimani

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa nimekalia ndoo jikoni kwangu, huku Goba, natazama tundu ukutani ambalo mtoto wa darasa la pili anapitisha kichwa bila shida. Ngoja niwape kisa chake. Najua nilikosea, ila nataka kujua kosa lilianzia wapi.

Mwaka jana bomba la sinki la jikoni lilianza kudondosha. Tone, tone, tone. Nikalidharau mpaka siku moja nikaweka ndoo ya lita 20 chini yake saa moja jioni, kesho yake saa moja jioni nikakuta imebakiza vidole viwili kujaa. Nikafunga maji, nikafungua kichwa cha bomba kwa spana malaya, nikatoa washa (kile kimpira cha ndani) iliyolika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nikaenda nayo dukani mkononi, mpya ikanigharimu 500. Dakika 20 kazi imekwisha.

Kuanzia siku ile nikawa fundi. Floti ya choo ikaleta kiburi, nikabadilisha. Fleksibo (ule mpira wa kuunganisha maji) ya sinki la kunawia ikachanika, nikabadilisha. Mke wangu akaanza kuniita "fundi" mbele ya wageni, na jina likanikaa vizuri kuliko cheo changu cha ofisini.

Mwezi wa tatu tukanunua mashine ya kufulia. Mahali pa kuiweka ni stoo, nyuma ya ukuta wa jikoni. Ilitakiwa kutoboa, kukata bomba linaloleta maji kwenye sinki, kuweka tii (kiungo cha njia tatu), elbo mbili (viungo vya kona), kupitisha bomba upande wa pili na kumalizia na koki. Fundi wa jirani akaja, akagonga ukuta kwa kidole, akasema ufundi 60,000, vifaa juu yangu. Nikamwambia nitamtafuta. Moyoni nikasema elfu sitini ya tii moja na elbo mbili?

Nikanunua mashine ya kuchomea mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, 65,000. (Hapo ndipo mwenye akili zake angesimama na kupiga hesabu. Mimi nilijiambia itanisaidia maisha yangu yote.) Nikaangalia video tatu. Nikachoma vipande vya mazoezi, vikatoka vizuri, na pete mbili za plastiki iliyoyeyuka zikakaa kama shanga. Nikafunga geti vavu (koki kuu) ya nje, nikakata bomba, nikachoma, nikafungua maji, nikatazama saa nzima. Hakuna hata jasho. Nikasiliba saruji, nikarudisha vigae, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la familia.

Huku kwetu maji yanakuja kwa mgao, Jumapili usiku tunajaza simtanki la lita 2,000. Siku zote likijaa Jumapili linafika Jumamosi. Ghafla Ijumaa asubuhi bomba linakohoa. Wiki ya kwanza tukasema ni joto. Wiki ya pili mke wangu akasema ni dada wa kazi, anaacha maji wazi akiosha vyombo. Akaambiwa aoshe kwenye beseni. Wiki ya tatu akaambiwa tena, na safari hii mimi ndiye niliyemwambia, kwa sauti ambayo sijivunii. Yule binti akajibu "sawa baba" akainama, akaendelea kuosha.

Siku ya 19 akaniita yeye mwenyewe. "Baba, njoo uone kabati." Mlango wa kabati la chini ya sinki ulikuwa umevimba hadi hauzibi. Nikaingiza mkono nyuma ya kabati, ukuta ulikuwa umelowa tepetepe.

Nikamrudia fundi wa jirani kwa aibu. Mzee hakusema kitu. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kigae, mpini sikioni, kama daktari. Akahamisha. Akahamisha tena. Akasema "hapa", akapasua hapo hapo, na elbo yangu ya pili ikatokea inalia. Alivyoikata akaipasua katikati kwa msumeno wa chuma, akaniwekea kizingitini bila maneno. Kiungo cha upande mmoja kilikuwa kimeyeyuka kwa ndani hadi tundu limebaki kama mrija wa soda. Cha upande wa pili, nusu ya duara ilikuwa imeshikana, nusu nyingine bomba limekaa tu ndani ya elbo kama mguu kwenye kiatu, na kwenye plastiki kuna vijishimo vidogo kama vya mkate.

Hesabu ya marekebisho niliyopigiwa: ufundi 70,000, vifaa 22,000, boksi la vigae 28,000, fundi vigae 40,000, saruji na rangi 31,000, milango miwili ya kabati 90,000. Jumla 281,000, na hapo sijaweka mashine wala vifaa vya mwanzo. Vigae vyenyewe vya toleo lile havipo tena madukani, kwa hiyo jikoni kwangu patakaa vigae sita vyeupe vya maziwa katikati ya vigae vyeupe vya mawingu.

Sasa swali. Sitaki kuambiwa "muachie fundi kila kitu", kwa sababu washa ya 500 niliibadilisha na mpaka leo haijavuja. Na sitaki kuambiwa "kila kitu unaweza". Ninyi mpaka mnauweka wapi?

---

#2 Nyundo Butu

Siti ya mbele kabisa, na karanga ninazo.

---

#3 Chumba na Sebule

Kabla ya mabomba: yule dada mmemuomba radhi?

---

#4 Kisimani

@Chumba na Sebule nilijua litakuja hilo. Nimemuomba. Alicheka, akasema "mimi nilijua ni ukuta, nilikuwa nausikia usiku." Chumba chake kimepakana na jiko. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema "ningesema nini, baba?"

---

#5 Chumba na Sebule

Aisee.

---

#6 Fundi Mkimya

Mkuu pole. Mimi ni fundi bomba, miaka 14 sasa. Nilianza kwa kumbebea mjomba vifaa, cheti cha VETA nimekuja kukichukua baadaye kabisa kupitia ule mpango wa kurasimisha ujuzi. Kwa maelezo yako nimeshaiona hiyo elbo bila kuiona.

Vile vijishimo kama vya mkate ni mvuke. Umechoma bomba lina maji. Geti vavu yako ya nje ni ya zamani, haifungi mpaka mwisho, inapitisha mchirizi mdogo. Wewe ukaona ni kidogo, ukafuta na kitambaa, ukachoma. Mashine ina nyuzi 260, tone la maji likigusa plastiki ya moto linageuka mvuke na kutengeneza mapovu. Kwa nje unaona shanga nzuri, kwa ndani hakuna kilichoshikana. Bomba likiwa na maji HALICHOMWI. Unatafuta vavu ya juu zaidi, au unamwaga tenki lote. Wazee wetu walikuwa wanachomeka nyama ya mkate kwenye bomba inyonye ule mchirizi, wanachoma haraka, baadaye mkate unatokea kwenye bomba la mwisho. Inafanya kazi, ila ukisahau kufungua kichujio cha bomba utamtafuta mchawi.

Ule upande uliobaki kama mrija ni kuchoma kupita kiasi. Bomba la 20, hili mnaloliita nusu inchi, ni sekunde 5 kwenye mashine. La 25 ni 7. Ukitoa una kama sekunde 4 za kuliingiza, na unaingiza moja kwa moja, huzungushi. Watu wengi wanazungusha kama wanafunga kifuniko cha chupa, plastiki inavurugika. Na unaweka alama ya penseli kwenye bomba mapema, kwa la 20 ni kama milimita 14, ili usisukume mpaka likajiziba lenyewe. Nadhani upande wa kwanza uliogopa, ukaacha likaiva.

Halafu hili la "nilitazama saa nzima". Tenki lako liko juu kiasi gani? Tuseme mita 4 kutoka kwenye elbo. Kila mita 10 za urefu ndiyo bari moja, kwa hiyo wewe ulipima kiungo kwa presha isiyofika nusu bari. Hiyo hata mkanda wa plastiki unaweza kuishikilia kwa saa moja. Sisi kabla ya kufunika ukuta tunafunga ncha zote, tunaleta pampu ya mkono yenye saa ya presha, tunapandisha hadi bari 10, tunaacha na kuangalia kama mshale unashuka. Hauna pampu? Basi acha ukuta wazi siku mbili tatu, weka karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo. Karatasi haifichi siri.

Na haikuanza siku ya 19. Ilianza siku ile ile uliyotuma picha kwenye kundi la familia. Siku 19 ni muda uliochukua kufika kwenye kabati.

Sasa mpaka. Mimi nitakushangaza: washa, kichwa cha bomba, floti, fleksibo, kichwa cha shawa, kufungua na kusafisha trapu ya sinki (ile kona ya chini yake), fanya mwenyewe. Kusema kweli hizi kazi hatuzipendi. Nauli kwenda na kurudi, nusu siku imekufa, halafu mteja anaona 15,000 ni nyingi kwa washa ya 500. Ila kaza kwa adabu. Fleksibo unafunga kwa mkono mpaka igome, halafu spana robo mzunguko, basi. Nusu ya fleksibo ninazobadilisha zimepasuliwa nati na mtu mwenye nguvu nyingi. Na ile tepu nyeupe unaizungusha kufuata upande ambao kiungo kitakazwa, ukizungusha kinyume inajikunja na kutoka.

Kinachoingia ukutani au chini ya sakafu, niite. Bomba lolote linaweza kuvuja, hata la kwangu. Likivuja mbele ya macho yako hasara ni kitambaa. Likivuja ndani ya ukuta utaanza kumshuku dada wa kazi.

---

#7 Nyundo Butu

Mstari wa mwisho umeingia kama msumari.

---

#8 Kizito wa Moro

Fundi Mkimya umeongea vizuri ila msijipambe sana. Nyumba yangu, Morogoro, ilijengwa na "fundi" mwenye begi kubwa la vifaa na maneno makubwa zaidi. Alivunja ukuta wangu mara mbili kutafuta bomba ambalo alilipitisha yeye mwenyewe! Mara ya kwanza kushoto, hakuna. Mara ya pili juu, hakuna. Kumbe alilipitisha mshazari ili aokoe nusu mita ya bomba.

Bomba la maji machafu la kutoka bafuni alililaza sawa kama meza. Maji yanakwenda, uchafu unabaki. Nimekuja kujua baadaye kwamba linatakiwa lishuke sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita moja. Miaka miwili nilikuwa nafungua chemba kila mwezi kwa fimbo nikidhani tatizo ni familia yangu.

Kwa hiyo tofauti yangu na mafundi wengi wa mtaani ni kwamba mimi naharibu nyumba yangu tu, wao wanaharibu za watu.

---

#9 Fundi Mkimya

@Kizito wa Moro sikupingi. Kishoka yupo kwenye kila kazi. Msikilize fundi kabla hajataja bei. Akiuliza vavu kuu iko wapi, maji yanatoka tenki au yanakuja moja kwa moja, nyumba ina miaka mingapi, huyo mpe kazi. Akitaja bei akiwa bado mlangoni, mpe maji ya kunywa aende.

Na jambo ambalo wateja hawalifanyi: kabla ya plasta, weka futi ya kupimia ukutani, piga picha mabomba yote, kila chumba. Siku ya kutundika kabati utanikumbuka. Na usilipe yote. Bakiza theluthi mpaka maji yapite wiki.

---

#10 Mama Wawili TZ

Mimi nitasimama upande wa kujifanyia, na nina sababu.

Nilipoachwa na nyumba na watoto wawili, kila fundi aliyekuja alikuwa akiuliza kwanza "baba yupo?" Akiambiwa hayupo, bei inapanda. Choo kilikuwa kinapitisha maji, fundi akaniambia sinki lote la choo libadilishwe, 180,000. Nikamwambia arudi kesho. Usiku nikachukua bluu ya kufulia, ile ya unga, nikamwaga kidogo kwenye tenki la choo, nikalala bila kuflashi. Asubuhi maji ya ndani ya bakuli yalikuwa ya bluu. Maana yake tenki linavujisha kwenye kile kizibo cha mpira cha chini, na choo chenyewe hakina ugonjwa. Mpira ulikuwa umekakamaa. Nilinunua mwingine, chini ya 5,000. Fundi aliporudi nilimuonesha maji ya bluu, akasema "mama wewe mjanja." Nikamwambia hapana, mimi ni mhasibu.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Kila tarehe 1 tunafunga mabomba yote, naenda kwenye dira ya maji na mtoto mkubwa, tunaangalia kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa dira. Kikizunguka wakati tenki limeshajaa na hakuna aliyefungua maji, kuna mahali panavuja. Nafunga vavu ya kuingizia maji tenkini, naangalia tena. Kikisimama, shida iko tenkini au baada ya tenki. Kikiendelea, iko kati ya dira na tenki. Hapo hata nikimuita fundi namwambia pa kuanzia, na hanizungushi. Dira yenyewe siigusi, ni mali ya mamlaka ya maji, ukiichezea unajitafutia kesi.

Kuzibua sinki msimwage dawa za kuzibulia kwanza. Wekeni ndoo chini, fungueni trapu kwa mkono, mtakuta ugali, nywele na kijiko kilichopotea Krismasi. Dada yangu alimwaga soda kali, haikusaidia, akaongeza dawa ya choo yenye tindikali, vikachemka vikamrukia mkononi. Kovu analo. Na dawa ya choo ya tindikali msiichanganye kamwe na Jik, hewa inayotoka pale inachoma mapafu.

Ila nakubaliana na Fundi kuhusu ukuta. Na umeme. Hita siigusi hata kwa fimbo.

---

#11 Nyundo Butu

"Hapana, mimi ni mhasibu." Uzi ufungwe.

---

#12 Bin Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu wa bara nyinyi mna bahati mwazungumzia mabomba ya plastiki. Njooni mji wa kale, kwenye nyumba ya babu, mabomba ya chuma yako ukutani tangu babu hajaoa.

Huku kwetu maji ya kisima yana chumvi. Chuma chaliwa kwa ndani, kwa nje bomba lang'ara, limepakwa rangi, ukaliona ukasema bado zima. Mimi nilitaka kubadilisha mfereji (nyinyi mwaita koki) wa bafuni tu. Mfereji mmoja! Nikaushika na spana, haukugeuka. Nikatia bomba refu kwenye mpini nipate nguvu. Ukageuka. Nikafurahi. Kumbe uliogeuka si mfereji, ni bomba lenyewe limekatika ndani ya ukuta.

Saa tatu usiku, maji yanaruka kama chemchemi, mimi na taulo, mama yangu juu ya ngazi anapiga kelele "funga! funga!" Nifunge nini? Koki kuu ilikuwa nje, chini ya saruji ambayo ndugu yangu aliimwaga kutengeneza baraza. Ilibidi jirani afunge ya kwake tukakosa maji nyumba tatu.

Kwa hiyo mimi mpaka wangu ni huu: kabla hujagusa kitu, nenda ukafunge koki kuu. Siyo ujue iko wapi. Nenda uifunge, urudi, ufungue mfereji uone kama maji yamekatika kweli. Kama huwezi kuifunga, kazi ya kwanza ni hiyo, na hizo nyingine zote zingoje. Na bomba la chuma la miaka 40 likigoma, liache ligome. Muite fundi, na umlipe kabla hajaanza maana hujui utakachokuta.

---

#13 Fundi Mkimya

@Bin Kisauni hapo kwenye kumlipa kabla umeharibu, ila mengine yote naweka sahihi.

---

#14 Mchapakazi wa Ubungo

Mama Wawili amegusia hita, niongezee, maana watu wanakufa kwa hili.

Hita ya kuning'inia ina kivavu kidogo pale maji baridi yanapoingilia. Wakati hita inachemsha, kile kivavu kinadondosha matone. Ni kazi yake. Maji yakipashwa yanatanuka na hayana pa kwenda. Shemeji yangu alikerwa na yale matone yanayolowesha sakafu, akachukua plagi, akaliziba tundu, akakaza na tepu. Akajisifu kweli. Wiki chache baadaye kidhibiti joto kikagoma kuzima, hita ikaendelea kuchemsha. Tunamshukuru Mungu iliachia kwenye mshono wa chini, mchana, bafuni hakuna mtu. Mlango wa bafuni tuliukuta kwenye korido.

Kikidondosha, kifungie kimpira kiende kwenye trapu ya sakafu. Usikizibe. Kikitiririka mfululizo hata hita ikiwa imepoa, muite fundi. Na zile shawa za umeme: kama nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi, muite fundi umeme kabla ya fundi bomba.

---

#15 Mtoro wa Leicester

Huku Uingereza mambo ni mengine kidogo. Mabomba mengi ya nyumbani ni ya shaba, milimita 15, na kuna viungo vya kubonyeza tu, havitaki moto wala gundi. Mwanangu wa miaka 12 anaweza kuvifunga. Mimi sinki na mashine ya kufulia nimefunga mwenyewe, fundi huku akikohoa tu umeshamlipa.

Lakini boila ya gesi ni habari nyingine. Mwenye nyumba anayepangisha haruhusiwi kuleta mtu asiye kwenye Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi, na lazima ikaguliwe kila baada ya miezi 12. Fundi akija namuomba kadi yake, anaitoa bila kununa. Nilipokuja likizo Dar nikamuuliza fundi kama ana kitambulisho, akanipa cha mpiga kura.

---

#16 Chumba na Sebule

Mimi ni mpangaji. Bomba la ndani likiharibika mwenye nyumba anasema "kilicho ndani ni chako, kilicho nje ni changu." Sasa bomba limo ukutani, ukuta una upande wa ndani na wa nje. Nani analipa?

---

#17 Mama Wawili TZ

@Chumba na Sebule soma mkataba. Kama hakuna maandishi, mtumie ujumbe wenye picha kabla ya kugusa chochote, ukatwe kwenye kodi kwa makubaliano ya maandishi. Ukitengeneza kwanza ukadai baadaye, umemfanyia sadaka.

---

#18 Kizito wa Moro

Na ukitengeneza vibaya umemfanyia nyumba mpya, kwa pesa yako. Muulize Kisimani.

---

#19 Kisimani

Wakuu nimerudi. Nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili, ya Fundi nimemsomea mke wangu kwa sauti na amecheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Taarifa: leo mzee wa jirani amemaliza. Safari hii nilikaa pembeni nikawa namshikia. Kabla ya yote alitoa ile geti vavu ya nje, akanionesha ndani: kile kisahani kinachoshuka kuziba maji kimeliwa ukingo wote, hata ukaze mpaka kesho kutwa maji yanapita. Ameweka vavu yenye tufe la chuma ndani, ile ya kugeuza mkono robo mzunguko. Ukiulaza, maji yamekata. Nikafuata ya Bin Kisauni, nikaenda kuifunga mwenyewe, nikarudi nikafungua sinki. Kimya.

Pampu ya kupimia alikuwa hana, tukatumia karatasi za Fundi Mkimya. Ukuta ulikaa wazi siku tatu. Kila asubuhi dada wa kazi ndiye alikuwa wa kwanza kwenda kuzigusa, ananipigia ofisini: "Baba, kavu." Siku ya tatu akasema "kavu kabisa, na usiku hakuna sauti." Beseni la kuoshea vyombo limerudishwa bafuni.

Vavu mpya nimeipaka rangi nyekundu na kila mtu wa nyumba hii ameifunga na kuifungua mbele yangu, hadi bibi yao aliyekuja kutembea.

Jambo la mwisho. Ile mashine ya PPR ipo, imetumika siku moja. Nauza 40,000, anayetaka aje pembeni.

---

#20 Fundi Mkimya

Ya kwangu imeanza kuzeeka, naweza kuichukua. Vile vikombe vya kuchomea viko salama? Ile ngozi nyeusi ya juu, ya kuzuia plastiki isinate, haijachubuka?

---

#21 Kisimani

Viko salama. Kimoja tu, kile cha 20, plastiki iliganda siku ya mazoezi nikaikwangua na kisu.

---

#22 Fundi Mkimya

Kisu cha nini?

---

#23 Kisimani

Cha mboga.

---

#24 Fundi Mkimya

Na elbo ukaichomea kikombe hicho hicho?

---

#25 Kisimani

Mkuu, nifanyie 25,000 tusiendelee na hii mada.